Kusimama, Kuyumba na Kuelewa Agizo: Lugha ya Msawazo wa Mwili kwa Vijana Wenye Ulemavu wa Akili

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa elimu maalumu anapompima kijana mwenye ulemavu wa akili kama anaweza kusimama kwa mguu mmoja, mambo mawili hupimwa kwa wakati mmoja. La kwanza ni uwezo wa mwili wa kijana huyo kujizuia usianguke. La pili ni uwezo wake wa kuelewa alichoambiwa. Karatasi ya matokeo, hata hivyo, aghalabu huwa na safu moja tu, na sekunde zinazoandikwa humo huchukuliwa zote kuwa ni habari za misuli na ubongo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu ya sekunde hizo ni habari za lugha, na kwamba kwa upande wa Kiswahili sehemu hiyo haiwezi kufahamika bila kuchunguza namna lugha hii inavyoeleza kusimama, kukaa na kuyumba.

Kwa muda mrefu suala la msawazo wa mwili limekuwa mikononi mwa wataalamu wa tiba ya viungo na wa elimu ya michezo. Vipimo wanavyovitumia vilibuniwa kwa lugha za Ulaya, na anayevitumia Tanga au Kisumu mara nyingi huvitafsiri kinywani papo hapo, mbele ya kijana anayesubiri kuambiwa la kufanya. Tafsiri ya namna hiyo haihakikiwi na mtu, wala hairudiwi kwa maneno yale yale kwa kijana anayefuata. Lakini matokeo yake yana uzito: ndiyo yanayoweza kuamua kama kijana ataingizwa katika timu ya michezo, kama ataruhusiwa kufanya kazi karakanani penye vifaa vyenye makali, au kama ataachwa kitini huku wenzake wakicheza.

2.0 Kusimama katika sarufi na katika fiziolojia

Kitenzi simama kina umbo la zamani. Mwishoni mwake mna kiambishi -am-, ambacho wanaisimu linganishi wa Kibantu hukihusisha na mkao wa kitu au wa mwili. Kiambishi hicho hakizalishi tena maneno mapya katika Kiswahili cha leo, lakini kimebaki kikiwa kimeganda katika kundi la vitenzi vinavyofanana kimaana: simama, inama, egama, chutama, kingama, gandama. Baadhi yake vina jamaa zao walio hai. Pamoja na simama tuna simika, yaani kukifanya kitu kama nguzo kikae wima. Pamoja na inama tuna inika na inua. Msemaji wa kawaida hana haja ya kuyajua haya ili azungumze, lakini historia hiyo inaonyesha kwamba Kiswahili kimeuhesabu mkao wa mwili kuwa ni jambo linalostahili alama yake katika kitenzi.

La muhimu zaidi ni namna vitenzi hivi vinavyochukua njeo. Anasimama humaanisha kwamba mtu yumo katika tendo la kuinuka, au kwamba alikuwa anakwenda na sasa anakoma. Mtu ambaye tayari yuko wima husemwa amesimama. Vivyo hivyo ameinama, ameketi, amelala. Kiambishi -me- hutoa habari ya hali iliyofikiwa na ambayo bado ipo. Kwa mtazamo wa sarufi, basi, kusimama ni tendo lililokwisha: mtu aliinuka, akamaliza, na sasa anakaa katika matokeo ya tendo lake.

Fiziolojia inasema kinyume. Mtu aliyesimama hajamaliza lolote. Kitovu cha uzito wa mwili wake kiko juu, karibu na nyonga, ilhali eneo la egemeo lililo chini yake ni dogo, nyayo mbili na nafasi iliyo baina yake. Umbo la namna hiyo haliwezi kutulia lenyewe. Mwili huyumba mbele na nyuma, kushoto na kulia, kwa vipimo vidogo ambavyo jicho la mtazamaji halivioni lakini ubao wa kupimia mgandamizo wa nyayo huvinakili. Kila unapoyumba, misuli ya miguu, nyonga na mgongo huurudisha. Ili kuurudisha, ubongo hutegemea habari kutoka pande tatu: macho, viungo vya sikio la ndani, na hisi za nyayo, misuli na maungio. Njia hizi tatu hazikubaliani kila mara. Abiria aliyekaa ndani ya basi lililosimama, basi la jirani linapoanza kuondoka, huhisi kwamba ni lake linalorudi nyuma. Macho yamesema jambo moja, na nyayo na sikio la ndani jambo jingine. Kazi ya ubongo ni kuamua ni shahidi yupi wa kuaminiwa kwa wakati huo.

Tabibu wa Berlin, Moritz Romberg, katikati ya karne ya 19 alieleza kwamba wagonjwa fulani walioweza kusimama macho yakiwa wazi waliyumba au kuanguka mara walipoyafumba. Hisi zao za miguuni zilikuwa zimeharibika, na macho ndiyo yaliyokuwa yakiwashikilia. Kipimo hicho kinatumika hadi leo. Mwaka 1974 David Lee na Eric Aronson waliwasimamisha watoto waliokuwa wameanza kutembea karibuni ndani ya chumba ambacho kuta zake ziliweza kusogezwa huku sakafu ikibaki mahali pake. Kuta ziliposogea, watoto wengi waliyumba, wengine wakaanguka, ingawa hakuna aliyewagusa. Mtoto aliyeanza kutembea jana huyaamini macho kuliko miguu.

Kiswahili nacho kina msamiati wa hatua hizo. Mtoto asiyeweza bado kukaza magoti husimama dede, na hatua zake za kwanza huitwa kwenda tete. Maneno haya mawili hayasemi kwamba mtoto ana kasoro. Yanataja namna ya kusimama na namna ya kutembea ambazo zina wakati wake, nazo hupita. Kijana wa miaka 15 anayeyumba hana neno kama hilo. Akiyumba husemwa anapepesuka, na kupepesuka katika fikra za wasemaji wengi ni jambo la mlevi. Kuwayawaya ni kwa mtu aliyeelemewa na mzigo. Kuchechemea ni kwa aliyeumia mguu. Kutetereka kumechukuliwa sana na wachumi na wanasiasa. Kwa kijana ambaye hakulewa, hakuumia wala hakubeba kitu, lugha ya kila siku imeacha pengo.

3.0 Tatizo la istilahi

Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuchukua neno lolote lililo karibu. Neno linalomjia mtafsiri kwanza ni usawa. Lakini usawa ni hali, tena neno hili limekwisha kukaliwa na maana ya haki. Anayeandika kwamba “vijana hawa wana tatizo la usawa” atasomwa na mwanasheria kuwa anadai fursa sawa za ajira, na mwanasheria huyo hatakuwa amekosea. Urari limekwenda kwa wahasibu na wachumi. Uwiano ni la wanahesabu. Mizani ni chombo, ingawa kama sitiari lina nguvu. Msawazo linafaa kuliko hayo, kwa kuwa limetokana na kitenzi sawaza na hivyo linabeba dhana ya kazi inayofanyika, si ya hali iliyokwisha kupatikana. Hiyo ndiyo dhana inayotakiwa hapa.

Kuhusu jinsi mwili unavyokaa, msimamo lingekuwa neno la asili kabisa kama siasa isingelitwaa. Mkao linabaki, na lina faida mbili: halifungwi na kusimama peke yake, maana hata aliyeketi ana mkao, na linaoana na maelezo ya wanaisimu kuhusu kile kiambishi -am-. Udhibiti wa mkao basi ni uwezo wa kuuweka mwili katika mkao unaotakiwa na kuurudisha unapotoka. Msawazo ni matokeo yanayotafutwa kila nukta. Myumbo ni kule kwenda na kurudi kwa mwili ambako hupimwa. Mapendekezo haya ni ya kutumiwa na kujaribiwa, na anayefundisha somo hili darasani ndiye atakayejua kama yanakalika ulimini.

Majina ya ulemavu wenyewe yana historia nzito zaidi. Taahira linahusiana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuchelewa, ule ule uliotupatia ahirisha. Lilipoingia lilikuwa neno la staha, kama lilivyokuwa neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo ya kucheleweshwa, na yote mawili yakaishia kuwa matusi. Nchini Marekani neno hilo liliondolewa katika sheria za shirikisho mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo wa 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni nadra kukuta uteuzi wa msamiati ukilindwa na katiba. Punguani halina la kutetewa. Ulemavu wa akili limekubalika kwa upana, na ndilo linalotumika katika makala haya.

Mtindio wa ubongo linahitaji angalizo la pekee. Wapo wanaolitumia kwa maana ya ulemavu wa akili, na wapo wanaolitumia kwa maana ya madhara ya ubongo yanayoathiri mwendo na misuli tangu utotoni. Hizi ni hali mbili. Mtu mwenye madhara ya ubongo ya aina hiyo anaweza kuwa na misuli iliyokakamaa na akili timamu kabisa. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kuwa hana dalili yoyote ya misuli kukakamaa. Kuyumba kwao hakufanani, na mazoezi yanayowafaa hayafanani. Ripoti inayosema tu kwamba kijana “ana mtindio wa ubongo na huanguka” haimwambii mtaalamu atakayeipokea aanzie wapi.

4.0 Ulegevu na uchelewaji

Kundi lililochunguzwa kwa karibu zaidi ni la watoto na vijana wenye sindromu ya Down, hali iliyoelezwa na John Langdon Down mwaka 1866 na ambayo Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha mwaka 1959 kuwa inatokana na kromosomu moja ya ziada. Mtoto mwenye hali hii kwa kawaida huanza kutembea akikaribia miaka miwili au baadaye kidogo, ilhali watoto walio wengi huanza wakiwa na umri wa takriban mwaka mmoja. Misuli yake huwa laini na maungio yake hunyumbuka kupita kiasi. Kwa hiyo maelezo yaliyozoeleka yalikuwa mepesi: anayumba kwa sababu ya ulegevu wa misuli.

Maelezo hayo yana walakini mara mbili. Kwanza, kwa Kiswahili, ulegevu hauishii mwilini. Mlegevu ni mtu asiyejituma, jirani wa karibu wa mvivu na goigoi. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana “ulegevu” husikia tabia pamoja na misuli, na haitakuwa ajabu akirudi nyumbani na kumhimiza mtoto ajikaze. Ulaini wa misuli ni istilahi isiyo na mzigo huo.

Pili, sayansi yenyewe haikuunga mkono maelezo hayo kikamilifu. Mwaka 1985 Anne Shumway-Cook na Marjorie Woollacott walichapisha uchunguzi wao wa watoto wachache wenye sindromu ya Down waliosimama juu ya jukwaa lililoweza kusogezwa ghafla. Walinakili umeme wa misuli ya miguu ili waone ni lini misuli inaanza kujibu. Mwitiko wa kwanza kabisa, ule wa haraka unaopita katika uti wa mgongo bila kungoja ubongo, ulikuja kwa wakati wake. Uliochelewa ni mwitiko unaofuata, ule uliopangwa wa misuli kadhaa kwa pamoja ambao ndio unaomrudisha mtu wima. Kama ulaini wa misuli ungekuwa chanzo kikuu, ingetarajiwa kwamba hata ule mwitiko wa kwanza uwe na hitilafu. Watafiti hao walihitimisha kwamba tatizo liko katika ngazi ya juu, ile inayopanga na kuratibu. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, na baada ya hapo wengine wameyapa maungio na misuli nafasi kubwa kiasi katika maelezo yao. Lakini hoja kwamba msawazo ni suala la mpangilio, na si la nguvu tu, imedumu.

Uchelewaji huo ni wa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ni vyema kulitaja hili kwa sababu lile neno la kale, taahira, lilimweka mtu mzima ndani ya kuchelewa. Kipimo kinaonyesha mahali mahususi panapochelewa, tena mahali panapoweza kufundishwa. Mwaka 2001 Dale Ulrich na wenzake walitoa matokeo ya jaribio ambamo wazazi waliwashikilia watoto wachanga wenye sindromu ya Down juu ya mkanda mdogo unaotembea, dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, nyumbani kwao. Watoto hao walianza kutembea peke yao siku 101 mapema kuliko wenzao ambao hawakupata zoezi hilo.

Kuna tahadhari moja ya kitabibu ambayo mwalimu wa michezo hapaswi kuisahau. Kwa baadhi ya watu wenye sindromu ya Down, maungio ya pingili mbili za juu kabisa za shingo hayakukaza vizuri. Kupinduka kichwa chini au kugongwa shingo kunaweza kuudhuru uti wa mgongo. Daktari aulizwe kabla ya mazoezi ya aina hiyo.

Vijana wenye ulemavu wa akili ambao hawana sindromu ya Down ni wengi zaidi, na kwa sehemu kubwa yao chanzo hakijulikani. Kwa jumla myumbo wao hupimwa kuwa mkubwa kuliko wa wenzao wa rika moja, na hupungua wanapopewa mazoezi ya mara kwa mara. Lakini tofauti baina ya kijana na kijana ndani ya kundi hili ni kubwa mno, na ni hapa ambapo swali la lugha linarudi. Je, tofauti hiyo yote ni ya miili yao?

5.0 Lugha ya vipimo

Chukua agizo lililo fupi kuliko yote: “Simama!” Kwa kijana aliyeketi humaanisha inuka. Kwa anayetembea humaanisha koma. Kwa aliye wima tayari haliombi kitu chochote, na kijana makini anaweza kumtazama mwalimu akingoja maneno yenye maana. Kwa wasemaji wengi muktadha hutatua utata huu bila wao kujua kwamba ulikuwapo. Kuutumia muktadha namna hiyo, hata hivyo, ni moja ya stadi ambazo kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kuwa nazo kwa kiasi kidogo.

Agizo la mguu mmoja lina matatizo makubwa zaidi. “Simamia mguu mmoja” humkutanisha kijana na kitenzi ambacho amezoea kukisikia kikihusu msimamizi wa mtihani au wa kazi. “Simama kwa mguu mmoja” linaweza kueleweka kuwa ainuke akitumia mguu mmoja, jambo gumu kweli kweli. Wengi hukimbilia “Inua mguu”, na hapo ndipo lilipo kosa linalostahili kuangaliwa kwa makini. Inua ni kitenzi cha tendo. Kijana aliyeambiwa “Inua mguu” akauinua na kuurudisha chini amelitii agizo lote, hakubakiza kitu. Mwalimu ataandika nusu sekunde. Alichokuwa akikitaka mwalimu hakikuwa tendo bali hali inayofuata tendo, yaani kijana awe ameuinua mguu na abaki hivyo.

Kiswahili kina njia ya kuomba hali, lakini ni njia ndefu: kitenzi kisaidizi katika dhamira tegemezi kikifuatiwa na kitenzi chenye -me-, kama uwe umeinua, ubaki umesimama. Muundo huu wa vitenzi viwili vyenye viambishi viwili vya nafsi ni mzito hata kwa mtoto asiye na ulemavu. Njia nyepesi ni kuyatenga mambo mawili. Kwanza tendo: “Inua mguu.” Kisha, mguu ukiwa juu: “Kaa hivyo hivyo.” Usemi huu wa pili unajulikana na kila mtoto aliyewahi kunyolewa nywele au kupimwa nguo kwa fundi. Ni mfupi, hauna ukanushi, na unadai hali moja kwa moja.

Ukanushi nao ni mtego. “Usitikisike”, “usiyumbe”, “usishushe mguu” humtaka kijana kwanza aelewe tendo, kisha alizuie. Zaidi ya hayo, “usiyumbe” ni agizo lisilotekelezeka, kwa kuwa, kama ilivyoelezwa, hakuna mtu aliyesimama asiyeyumba. “Kadiri uwezavyo” ni fungu la maneno linalomtaka mtu akadirie uwezo wake mwenyewe na kuufikisha kikomo kwa sababu isiyoonekana. Kijana anaweza kuona kwamba sekunde 3 zimetosha, na kwa mantiki yake zimetosha kweli. Afadhali apewe mwisho unaosikika: mwalimu ahesabu kwa sauti, au apige kofi pale mguu unapotakiwa kushuka.

Katika kipimo cha Romberg kuna fumba na fumbua. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa silabi moja tu na yana maana zinazopingana. Matatizo ya sikio la kati na upungufu wa kusikia ni mambo ya kawaida kwa watu wenye sindromu ya Down, na kijana asiyesikia vizuri anaweza kufanya kinyume cha alichoambiwa bila ukaidi wowote. Mwalimu anayeweka viganja vyake mwenyewe juu ya macho yake huku akisema huondoa shaka hiyo. Isitoshe, kufumba macho mbele ya mtu mgeni ni jambo la kuaminiana. Kijana anayefumbua baada ya nukta moja huenda hakushindwa na msawazo. Alitaka tu kujua kinachoendelea.

Utafiti juu ya mahali ambapo maneno hupeleka mawazo ya mtendaji una uhusiano wa moja kwa moja na haya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Gabriele Wulf na wenzake wameonyesha mara nyingi kwamba mtu anayejifunza stadi ya mwili, ikiwamo kusimama juu ya ubao usiotulia, hufanya vizuri zaidi akielekezwa kuzingatia kitu kilicho nje ya mwili wake kuliko akielekezwa kuzingatia viungo vyake. Mwaka 2013 Suzete Chiviacowsky, Wulf na mwenzao waliripoti matokeo ya namna hiyo kwa watoto wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakijifunza kurusha vifuko kwenye shabaha. Kazi hiyo ni ya kurusha, si ya kusimama, kwa hiyo isichukuliwe kuwa imethibitisha zaidi ya ilivyothibitisha. Hata hivyo inatosha kumfanya mwalimu ayapime maneno yake. “Kaza goti, nyoosha mgongo” hupeleka mawazo ndani ya mwili. “Mpelekee mwalimu kikombe hiki, maji yasimwagike” huyapeleka kwenye maji, na mwili hujipanga wenyewe. Watoto wa vijijini waliojifunza kuchukua ndoo kichwani juu ya kata hawakufundishwa habari ya nyonga wala kifundo cha mguu. Walikuwa na ndoo ya kuifikisha nyumbani.

Liko pia suala la wingi wa maneno. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliripoti kwamba wazee ambao husimama wanaposemeshwa wakiwa wanatembea walikuwa katika hatari zaidi ya kuanguka baadaye, kwa kuwa mazungumzo na mwendo huligombea zingatio lile lile. Mwalimu mwenye moyo mwema anayemtia hima kijana kwa maneno mfululizo wakati kijana yuko juu ya mguu mmoja anamwongezea kazi ya pili.

Baada ya kutoa agizo, wengi huuliza: “Umeelewa?” Carol Sigelman na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba watu wenye ulemavu wa akili huelekea kuitikia “ndiyo” kwa maswali ya aina hiyo bila kujali yaliyomo. Kwa Kiswahili mwelekeo huo unapata nguvu kutoka kwa adabu. Kijana aliyelelewa kuamkia shikamoo na kutombishia mkubwa ataona taabu kusema “Hapana, mwalimu, sijaelewa”. Jibu lake la “ndiyo” ni la heshima, si la maana. Njia ya kuaminika ni kumwonyesha tendo, kumwacha alijaribu mara mbili au tatu bila kuandika chochote, kisha ndipo kupima. Wala si budi kukumbuka kwamba kijana wa miaka 17 anayeitwa “mtoto” mbele ya wenzake hana sababu ya kujitahidi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unaitaja lugha nyepesi miongoni mwa njia za mawasiliano. Kwa kawaida kifungu hicho husomwa kuhusu nyaraka na matangazo. Hakuna sababu ya kukizuia kisifike uwanjani.

6.0 Lugha ya ripoti

Kipimo kikiisha huandikwa, na kuandikwa kwake kuna njeo. Mwalimu ana maumbo matatu mbele yake. Hakuweza kusimama kwa mguu mmoja husema lililotokea siku ile, saa ile, kwa agizo lile. Hajaweza husema kwamba mpaka sasa bado, na mlango uko wazi. Hawezi halina siku wala saa. Huyatoa maelezo kwenye tukio na kuyapachika kwa mtu. Na kwa wasemaji wa pwani lina maana ya pili ya kale, kwamba mtu huyo ni mgonjwa.

Katika ripoti za shule hawezi ndilo jepesi kuandikwa, maana ni fupi na linajaza nafasi. Afisa atakayeisoma baada ya miaka miwili hatajua kama kijana alianguka, kama aliinua mguu na kuushusha kwa utii, kama alisikia fumbua badala ya fumba, au kama siku hiyo alikuwa na homa. Umbo la hajaweza lingemlazimu angalau aulize ni lini kijana alijaribu mara ya mwisho.

Karatasi ya matokeo ingeweza kuongezewa safu mbili bila gharama: moja ya maneno halisi yaliyotumika kutoa agizo, na nyingine ya kama kijana alionyeshwa kwanza au aliambiwa tu. Vyuo vinavyofunza walimu wa elimu maalumu, kama Patandi mkoani Arusha na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, vina nafasi ya kuyakusanya maagizo hayo, kuyajaribu kwa vijana wa Unguja, Mombasa, Dodoma na kwingineko, na kuona ni yapi yanayoeleweka kwa urahisi na ni yapi yanayoleta sekunde za uongo. Kazi hiyo itawahitaji wataalamu wa viungo na wanaisimu katika chumba kimoja, pamoja na vijana wenyewe, ambao wakiulizwa vizuri huweza kusema ni neno gani lililowachanganya.